Mtoto karudi shule baada ya lokdauni na kusoma kumempotea, arudie darasa au aende na wenzake?

NyotaYaAlfajiri:

Habari za humu wakuu, naombeni msaada wa mawazo hasa walimu kama mpo. Mwanangu yuko darasa la tatu. Shule zilivyofungwa alikuwa la kwanza, ndo kwanza ameanza kuunganisha silabi na alikuwa amenogewa kweli, kila kibao tukikipita njiani lazima akisome kwa sauti mpaka watu wanageuka. Ikaja lokdauni. Masomo ya kwenye simu tulijaribu lakini tusidanganyane, kwenye grupu la wazazi inarushwa picha ya ukurasa imepigwa upande na kivuli cha mkono juu yake, simu yenyewe ndo hiyo moja na mimi naondoka nayo asubuhi, kwahiyo kazi inafanyika usiku mtoto anasinzia au haifanyiki kabisa. Shule zilipofunguliwa wakawasogeza wote kwa umri, akajikuta yuko la tatu.

Sasa ndo shida ilipo. Ukimpa kitabu cha la tatu anaangalia picha kwanza afu anatunga hadithi yake mwenyewe, kuna picha ya mbuzi chini ya mti, akasoma kwa kujiamini kabisa "mbuzi amelala" wakati pale pameandikwa mambo mengine tena sentensi tatu. Daftari linarudi nyumbani na mistari miwili aliyonakili ubaoni, wa tatu umekatikia katikati ya neno. b na d anachanganya. Na kila asubuhi tumbo linamuuma, ila cha ajabu jumamosi haliumi.

Mwalimu kaandika kwa peni nyekundu "Aongeze bidii", na sasa wametangaza mtihani wa shule nzima wa kupima kiwango. Baba yake anataka arudi la pili, shangazi yake anasema twisheni kila jioni na wikendi pia. Mi nikimwangalia naona mtoto kachoka, na hiyo bidii yenyewe sijui aiongezee wapi. Mlio na watoto waliorudi mnafanyaje?

MzeeWaKaziZake:

Arudie. Mbona jambo jepesi hilo. Sisi tulirudishwa madarasa na tuko hapa leo tunaandika mtandaoni. Kama hajui kusoma huko la tatu anaenda kusindikiza wenzake tu. Wazazi wa siku hizi mnaogopa mtoto kulia ndo maana.

PopoMchana:

Mzee wewe ukirudishwa ulikuta la chini limejaa watoto waliosoma mwaka mzima bila kukatika, huyu akirudi la pili atawakuta wenzake wa la pili ambao lokdauni imewakuta hata la kwanza hawajaingia 😂 nani atamvuta nani hapo

MwalimuChaki:

Dada Nyota pole, na usiogope, hiyo uliyoandika ningeweza kuiandika mimi kuhusu darasa zima. Nafundisha madarasa ya chini miaka mingi sasa na sijawahi kuona kitu kama hiki. Mzee shikamoo, nakuheshimu ila kwa hili naomba nipingane na wewe kidogo.

Kwanza ngoja niwaambie siku za mwanzo darasani zilikuwaje maana wazazi hamkuziona. Watoto walikuwa wamesahau kuwa wanafunzi. Yani mtoto anainuka katikati ya somo anaenda dirishani kama yuko sebuleni, mwingine anakuuliza "naweza kunyamaza?" badala ya "naweza kwenda chooni?" maana kachanganyikiwa na sheria mpya zote kwa mpigo, barakoa, sanitaiza, usimkumbatie mwenzio, usiazime penseli, kaa mbali. Kengele ikilia nusu yao wanashtuka. Kuna wanaoongea wote kwa pamoja na kuna wale kimya, hao wa kimya ndo walinipa wasiwasi zaidi. Mkono nao umelegea, mtoto hajashika penseli muda mrefu, akiandika mistari michache anaanza kukunja na kukunjua vidole kama mtu aliyefua nguo siku nzima. Kwahiyo huo mstari wa tatu uliokatikia njiani usiuite uvivu mpaka umeangalia vidole. Kunakili ubaoni ni kazi ngumu kuliko tunavyodhani, aangalie juu, alishike neno kichwani, ashuke chini, atafute mstari alioachia, aandike, arudi juu atafute tena pale alipofika. Asiyesoma vizuri analishika herufi moja moja, na kabla hajafika katikati mwalimu keshafuta.

Sasa la kusoma. Kabla ya kusema arudie, aende, au apelekwe twisheni, unatakiwa ujue amekwama wapi hasa. "Hajui kusoma" haitoshi. Fanya hivi, jumamosi ambayo tumbo haliumi 🙂 kaa naye mahali tulivu. Andika herufi kama kumi kwa mchanganyiko, usizipange a b ch d maana ule wimbo wanaukariri. Zikipita andika silabi, ba, ke, so, mu. Zikipita maneno mafupi, kaka, meza, sita. Zikipita maneno yenye silabi nzito, mbwa, nyoka, kwetu, shamba. Afu sentensi fupi. Afu aya ya sentensi nne, na mwisho hadithi fupi umuulize maswali mawili matatu. Anapoanza kusita mara kwa mara, simama hapo, usisahihishe, usimuonyeshe umenuna, sema asante afu nenda kaandike pembeni amekwama kwenye nini. Hapo ndo alipo. Darasa lake ni la tatu lakini kusoma kwake kuko hapo, na hapo ndo pa kuanzia, hata kama ni silabi.

Hii sijaitunga mimi. Shirika la Pratham la India limefanya hivi kwa miaka mingi, wanapima kuanzia herufi, neno, aya mpaka hadithi, halafu kwa saa moja au mbili kwa siku watoto wanapangwa kwa kiwango cha kusoma wala haiangaliwi ni wa la tatu au la tano, muda uliobaki kila mtu yuko darasani kwake. Afrika nchi kadhaa wameichukua. Shuleni kwetu tunafanya kidogo kidogo kabla ya mapumziko, wa la nne anakaa na wa la pili kundi moja na hamna aliyekufa kwa aibu, ila tuliyaita makundi majina ya wanyama ili asiwepo wa "kundi la chini".

MzeeWaKaziZake:

Marahaba mwalimu. Lakini wanyama si watoto watajua tu simba ndo wanaojua na kobe ndo wasiojua?

MwalimuChaki:

Kobe ndo wanaosoma hadithi kwetu, Mzee.

TakwimuTu:

Naongezea data kidogo kwa wanaobishana kurudia au kusonga, maana kuna ushahidi wa kabla ya korona kabisa. Oktoba 2005 Pakistan kaskazini ilipigwa na tetemeko kubwa la ardhi, shule za maeneo yaliyoathirika zilifungwa kwa wastani wa wiki 14 hivi. Watafiti wakarudi miaka minne baadae wakapima watoto waliokuwa karibu na ufa wa tetemeko na waliokuwa mbali nao. Ungetegemea tofauti iwe ya hizo wiki 14 si ndio? Wakakuta wale wa karibu wako nyuma kwa kiasi cha kama mwaka mmoja na nusu wa masomo. Yani walipotea zaidi BAADA ya kurudi shule kuliko muda shule zilipofungwa. Maelezo yanayoonekana ya kweli ni kwamba walimu walirudi na silabasi ya darasa kama ilivyo, mtoto aliyekosa ngazi mbili za chini akawa anafundishwa ngazi ya tano, kila mwezi anazidi kuachwa.

Na kitu kingine kwenye utafiti huohuo, watoto ambao mama zao walimaliza angalau shule ya msingi hawakuwa na hilo pengo. Hapa simlaumu mtu, nasema tu kwamba msaada wa nyumbani hauhitaji digrii, elimu ya msingi ya mzazi ilitosha kuonyesha tofauti.

Korona yenyewe ilikuwa kubwa kuliko yote. UNESCO walihesabu Aprili 2020 wanafunzi zaidi ya bilioni 1.5 wako nje ya shule duniani. Uholanzi walifunga wiki 8 tu mwanzoni, nchi ambayo intaneti iko karibu kila nyumba, na bado walipolinganisha mitihani ya watoto wa msingi kabla na baada wakakuta kwa wastani walijifunza kidogo sana au hawakujifunza kitu wakiwa nyumbani, na kwenye familia zenye elimu ndogo hasara ikawa kubwa zaidi. Sasa kama Uholanzi na vishikwambi vyao hali ndo hiyo, we dada na simu moja inayokwenda kazini unajilaumu nini? Uganda ndo walifunga muda mrefu kuliko wote, walifungua kikamilifu Januari 2022, karibu miaka miwili. Na mwaka huohuo Benki ya Dunia na wenzake wakakadiria kwamba katika nchi za kipato cha chini na cha kati watoto 7 kati ya 10 wa miaka kumi hawawezi kusoma na kuelewa habari fupi nyepesi.

Ukimrudisha la pili bila kujua kakwama wapi atarudia yaleyale ya la pili ambayo huenda sio tatizo lake. Ukimsogeza bila kumpa ngazi aliyokosa ndo hiyo Pakistan. Kwahiyo nakubaliana na mwalimu, swali la darasa gani linakuja baadae.

PopoMchana:

Mi ntasema lingine, masomo ya mbali kwa wadogo hayakuwahi kufanya kazi hata zamani. Chicago mwaka 1937 polio ilipotanda wakachelewesha kufungua shule, wakafundisha kwa redio na ratiba ya masomo ikawa inachapwa magazetini, lakini ilikuwa ya la tatu mpaka la nane. Anayeanza kujifunza a na e utamfundishaje na redio, haimuoni anavyokunja mdomo

MamaPacha:

Popo umegusa kitu, MDOMO. Nina mapacha la kwanza, walianza shule kipindi cha barakoa moja kwa moja. Mmoja alikuwa anaandika "nama" badala ya "mama" na "nimi" badala ya "mimi", nikadhani ana shida ya masikio nikampeleka kupima, masikio mazima kabisa. Nikamwomba mwalimu nikakaa nyuma ya darasa siku moja. Mwalimu anatamka m na n nyuma ya kitambaa, na mimi mtu mzima sikusikia tofauti. m unafunga midomo, n ulimi unagusa juu nyuma ya meno, mtoto anajifunza kwa kuangalia, sasa anaangalia nini? Nikamuomba mwalimu kwa adabu tu, kipindi cha sauti za herufi akawa anasogea mbele kabisa dirishani mbali na watoto anashusha barakoa kidogo anatamka afu anairudisha. Baadae wakapata zile ngao za plastiki za uso. Ndani ya muda mfupi "nama" ikaisha.

Ila nilitaka kuongelea tumbo. Dada Nyota hilo tumbo usilipuuze na usilikemee. Wangu mmoja lilikuwa linamuuma kweli, hadeki, anakunja uso kabisa. Daktari akasema hana kitu. Nikaacha kumuuliza "unaumwa nini" nikaanza kumuuliza "ni saa ngapi shuleni ndo mbaya". Akasema mapumziko. Mi nilifikiri hesabu! Kumbe hajui kuingia kwenye mchezo wa wenzake, miezi yote ile alicheza na pacha wake tu, na pale shuleni wamewatenganisha mikondo. Anasimama ukutani anasubiri kengele. Kile kitu cha "na mimi naomba nicheze" nacho kinajifunzwa na kinasahaulika. Tulikifanyia mazoezi nyumbani kama maigizo, mi naruka kamba yeye anakuja kuomba, siku nyingine nakataa makusudi aone atafanyaje. Na nikaongea na mama wa mtoto mmoja wa darasani kwake wawe wanaingia getini pamoja. Asubuhi zikapungua makali. Hazikuisha, zilipungua.

Usingizi pia jamani. Lokdauni walikuwa wanalala saa ngapi sijui. Usimlalishe mapema ghafla atakutolea macho tu, vuta kidogo kidogo kila baada ya siku kadhaa, na simu itoke chumbani.

MzeeWaKaziZake:

Hii ya kumuuliza saa ngapi ndo mbaya nimeipenda. Nimeielewa. Ila bado nasema kuna watoto wanaohitaji kurudia tusijifanye hakuna.

MwalimuChaki:

Wapo Mzee, sikatai. Aliyekosa shule karibu yote na hata herufi hazijui, ana umri mdogo kwa darasa alilowekwa, na shule ina mwalimu atakayemfuatilia kweli, huyo kurudia kunaweza kumsaidia. Ninachokataa ni kurudisha mtoto kwa sababu ya mtihani mmoja wa wiki za mwanzo. Kuhusu huo mtihani mi nina ugomvi nao, unampima mtoto alichokariri kwenye silabasi ya darasa ambalo hajalisoma, halafu unampanga namba. Unaambiwa ni wa arobaini na tatu. Sawa, wa arobaini na tatu, kwahiyo kesho nimfundishe nini? Haisemi. Kipimo cha herufi mpaka hadithi kinachukua dakika chache kwa mtoto mmoja na kinaniambia kesho nianze wapi. Nyota, kama unaweza kabla ya mtihani muandikie mwalimu wake ujumbe mfupi tu, na usianze na lawama, sisi nasi tumechoka tuna madarasa yamejaa. Andika kitu kama "Mwalimu habari, nimekaa na mtoto nyumbani nimeona herufi anazijua ila anakwama kwenye hiki na hiki, naomba unisaidie kujua na wewe unaona nini, na mimi nifanye nini jioni". Mwalimu akipata ujumbe wa hivyo anajua mzazi yuko upande wake. Tumezoea kupata ule wa "mbona mwanangu hajui kitu".

NyotaYaAlfajiri:

Wakuu nimerudi. Kwanza asanteni sana, MamaPacha nimesoma yako mara mbili. Nimefanya kile kipimo jana, nilikuwa naogopa kuliko yeye.

Herufi zote kapita, hizo b na d zikiwa peke yake alisita ila alipata. Silabi kapita. kaka, meza, sita, kapita haraka mpaka akacheka. Nikaandika "mbwa" akanyamaza. Akasema "ma... ba... wa". Nikaandika nyoka, akasema "na ya oka". Kwetu, "ka we tu". Shamba aliangalia dari. Nikarudi kwenye maneno mepesi, kapita. Nikachanganya tena, palepale anagonga mwamba, kila panapokuwa na konsonanti mbili zimefuatana. Sasa nikaenda kufukua daftari lake la la kwanza kabatini, unajua la mwisho waliloandika kabla ya kufungwa ni nini? "sa se si so su". Baada ya hapo kurasa nyeupe. Hizo mba nya kwa sha hakuwahi kufundishwa! Baba yake kaona lile daftari akakaa kimya muda, ya kurudia darasa hajaigusa tena toka jana.

Na ile ya mbuzi nimeielewa sasa, neno la kwanza tu linaanza na mb, atalisomaje, akaamua kuangalia picha.

Ujumbe kwa mwalimu nimetuma. Kanijibu usiku kwamba wengi darasani wako hivyohivyo ila mkuu anataka silabasi ya la tatu iishe. Sasa nianzie wapi, na twisheni vipi?

MwalimuChaki:

Umeona sasa! Hiyo ndo "aongeze bidii" ilipokuwa imejificha. Angeweza kukaa na kile kitabu cha la tatu mpaka asubuhi asingetoka, maana karibu kila mstari wa Kiswahili una mb, nd, ny, ng, mw, kw au sh, huwezi kuzikwepa.

Habari njema ni kwamba pengo lako ni moja na linajulikana mwanzo na mwisho wake. Chukua familia moja ya silabi kwa siku kadhaa, usiwe na haraka. Anza na ch na sh maana zinatoa sauti moja tu mtoto hababaiki sana, cha che chi cho chu, afu chai, choo, kucha, mche. Afu ny. Afu mb na nd, hapa mfundishe kufunga midomo kwanza mmm halafu baa, mba, asiweke a katikati, hiyo "ma-ba" ndo kosa la wengi. Mwachie vidole viguse mdomo wake ajisikie anavyotetemeka. Halafu mw na kw, mwisho kabisa zile za konsonanti tatu kama mbwa na ng'w. Kila familia mwandikie maneno machache kwenye vikaratasi, mengine ya familia ya jana yachanganye humo ili asikariri mpangilio. Afu sentensi moja ya kipuuzi inayomchekesha, "nyani ananyoa nyusi", aisome, aiandike bila kuangalia, basi. Dakika kumi na tano ishirini, mwisho. Mkono nao utaimarika hapohapo bila kumkalisha anakili kurasa.

b na d mchoree tu kila moja na kitu anachokipenda, ila zitakaa sawa zenyewe akisoma zaidi, watoto wengi wa umri huo wanazigeuza na kwa aliyekaa nje ya shule muda wote huo mi nisingelihesabu kama ugonjwa. Zikiendelea muda mrefu wakati mengine yote yamesonga, hapo ndo umtafute mtaalamu.

Twisheni, kama huyo wa twisheni atafundisha silabasi ya la tatu kwa sauti kubwa zaidi basi umenunua uchovu. Kama atakubali kuanza na mba na nya, sawa. Lakini hii kazi unaiweza wewe, au hata kaka yake mkubwa kama anasoma vizuri, wakubwa wanapenda sana kuwa walimu.

Hesabu umepima? Usisahau. Wengi wamekosa ile ya kutoa kwa kukopa. Mwandikie 42 toa 17. Akikuletea 35 basi kachukua kidogo katoa kwenye kikubwa, 7 toa 2, hajui kukopa kwenye makumi. Rudi kwenye vijiti, funga kumi kumi kwa uzi, afungue bunda moja kwa mkono wake aone mamoja yanavyoongezeka. Jedwali la kuzidisha lisubiri.

PopoMchana:

nimempima wa kwangu sasa hivi 42 toa 17 kaniletea 35 🙆🏾 wa la NNE huyu jamani, na ripoti yake wameandika "vizuri"

MzeeWaKaziZake:

Mwalimu naomba swali la upande mwingine. Nina mjukuu darasa la mwisho, mtihani wa kumaliza uko karibu na walikaa nyumbani kama hawa. Huyu nae tuanze na herufi?

MwalimuChaki:

Hapana Mzee, huyo muda haupo. Kama anasoma na kuelewa, mwambie achukue mitihani ya nyuma, afanye mmoja kwa muda kamili, halafu muangalie makosa yamejirundika kwenye mada gani. Mada mbili tatu zilizobeba makosa mengi ndo mfanye hizo, mengine ayapitie juu juu. Na alale. Wakesha vitabu wananijia asubuhi macho mekundu hawakumbuki hata tarehe.

MamaPacha:

Nyota usimwambie kwamba "umebaki nyuma" hata kwa utani. Mwambie ukweli, "hizi mba na nya shule ilifungwa kabla hamjafika, tunazimalizia". Ni ukweli na unambebea mzigo.

NyotaYaAlfajiri:

Nimemwambia hivyohivyo leo. Akaniuliza "kwahiyo na mwalimu hakumaliza homuweki yake?" 😅 nimemjibu ndio, wote hatukumaliza. Leo tumefanya ch, "chura kachukua chupa", kaisoma kwa dada yake, kwa baba yake, kaenda mpaka kwa jirani. Tumbo asubuhi lilikuwepo, nikauliza saa ngapi ndo mbaya, akasema pale mwalimu anapofuta ubao.

MwalimuChaki:

Mwambie mwalimu wake hilo neno kwa neno. Na muombe amkalishe mbele, amwandikie au amuachie sentensi mbili tu za kunakili badala ya ubao mzima kwa sasa. Mkuu anaweza kudai silabasi iishe ila hilo la sentensi mbili mwalimu wa darasa analiamua mwenyewe, haliombewi kibali.

KijanaWaNyuma:

Samahani kuingilia, wangu anasoma ng'ombe kama ngoma, yani ng' na ng kwake ni kitu kimoja. Naye nimuanzishe na ch?

MwalimuChaki:

Kama ch, sh, ny na mb anapita usimrudishe huko. Kadi mbili tu, moja ng moja ng'. Wewe tamka, yeye ainue kadi. "ngazi", "ng'aa", "ngoma", "ng'oa". Asisome kwanza, asikilize tu na kuinua. Akiacha kukosea ndo umpe kusoma. Na barakoa vua ukiwa unatamka, uko nyumbani kwako.